Matumbo ya Bi Ozella na Kiti Kisichokaliwa

Saa mbili asubuhi, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, maji ya bomba yanauma vidole. Ozella Pruitt ameketi kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yake, karai katikati ya magoti, anavuta utando mweupe kutoka kwenye utumbo wa nguruwe. Anauvuta polepole. Utando ukikatika, itabidi aitafute ncha upya kwa kucha.

Upande wa pili wa utumbo ameubana kwa kibanio cha nguo kwenye ukingo wa karai. Kibanio kinateleza. Anakirudisha. Kinateleza tena, naye anakitolea tusi dogo, lile la mtu wa kanisani.

Mbele yake, goti kwa goti, kuna kiti cha chuma cha rangi ya kijani. Hakuna aliyekikalia.

"Kazi hii ni ya watu wawili," anasema bila kuinua uso. "Mmoja anashika, mwingine anavuta. Booker alikuwa mshikaji. Maisha yetu yote ya ndoa kanishikia, halafu kaondoka kaniachia hiki kibanio. Hakijui hata kusengenya."

Mgeni anayetaka kukaa kwenye kiti kile huoneshwa ngazi za baraza. "Si hicho," anasema Bi Ozella, na sauti inatosha.

Ana umri wa miaka sabini na minne. Hapa Loudermilk, mji mdogo wa Mississippi wenye makanisa mengi kuliko maduka, jina lake lilikuwa likitajwa kila Novemba, baridi ya kwanza inapoingia na watu wanapoanza kufikiria sikukuu. Walimletea ndoo zao za matumbo yaliyogandishwa, yeye akayayeyusha, akayaosha, akayageuza nje ndani, akayachambua hadi yakawa meupe kama shuka. Alitoza dola ishirini na tano kwa ndoo, na zilitosha kulipia gesi ya majira yote ya baridi. Nyumba zipatazo arobaini zilikuwa wateja wake.

Msimu huu zimekuja ndoo tatu. Moja ni ya bibi kizee asiyeona vizuri, ya pili ni ya familia iliyohamia hapa juzi kutoka Arkansas, na ya tatu ni yake mwenyewe.

Neno lililochapishwa kwenye ndoo ni refu: chitterlings. Ukilitamka lote hivyo, watu wa Loudermilk watakutazama viatu wajue umetoka wapi. Wao hulikata katikati, chitlins, na mwisho wa neno huuacha ulegee. Bi Ozella anasema neno zima alilisikia likitamkwa mara moja tu maishani mwake, na karani wa benki, naye hakuwahi kuyala.

Marehemu mumewe alilipenda neno hilo kuliko chakula chenyewe. Booker alipiga ngoma katika bendi, enzi ambazo wanamuziki weusi walikuwa na kumbi zao, kutoka mji hadi mji, na kwa kuwa jikoni mwa kila ukumbi sufuria ilikuwa inachemka, safari yote ile iliitwa kwa jina la matumbo. Kisha fundi cherehani mmoja wa Memphis akamwambia kwamba zamani hata marinda ya kifuani mwa shati yaliitwa kwa neno hilohilo, kwa jinsi yalivyojikunja. Basi ikawa hadithi.

"Alikuwa anasimama hapo mlangoni na shati lake la marinda," anasimulia Bi Ozella. "Anasema, 'Mke wangu, mimi navaa matumbo, napigia ngoma matumbo, na usiku nala matumbo. Nikifa mnizike kwenye ndoo.' Mshenzi yule."

Anacheka. Kicheko kinafika hadi kwenye kiti cha kijani, kinakatika.

"Na wengine nasikia wanasema mtu jasiri ana matumbo," anaongeza. "Mimi nimeyashika haya tangu msichana. Ujasiri sijauona humo. Nimeona mahindi."

Hilo la mahindi ndilo lililomleta alipo.

Hapa Loudermilk mtu hali matumbo ya kila mtu. Kuku utamla kwa jirani unayemchukia, keki utailia popote, lakini matumbo unayala kutoka mikono unayoijua. Ndiyo maana kwenye chakula cha Mwaka Mpya, katika ukumbi wa kanisa, kila trei hubandikwa utepe wenye jina la mpishi. Na hata baada ya kulisoma jina, mtu mwenye sahani lazima aulize kwa sauti, "Haya ni ya nani?" Mpishi naye lazima ajibu mwenyewe. Hata mchungaji huuliza.

Kwa miaka mingi, jibu likiwa "Ya Ozella," sahani zilijaa bila swali la pili. Trei yake ilikuwa ya kwanza kuisha. Wapishi wengine walikuwa wakimngoja aishiwe ndipo nao waanze kupata wateja.

Booker alifariki Novemba ya mwaka jana, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu. Wiki chache baadaye ukafika Mwaka Mpya, na Bi Ozella akapeleka trei yake ukumbini kama kawaida. Shemasi Cleotis Mabry, fundi wa matrekta mwenye sauti isiyojua kunong'ona, akajaza sahani, akatafuna, akasimama. Akatoa kitu mdomoni kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa sahani.

Ilikuwa punje ya mahindi.

Nguruwe hula mahindi. Punje ikifika kwenye sahani ya mtu, hakuna asiyejua imepitia wapi.

"Ozella!" alisema Shemasi, na ukumbi wote ukasikia. "Huyu nguruwe wako alikuwa hajamaliza kula!"

Watu walicheka hadi machozi. Bi Ozella alicheka nao. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaweka chini uma zao kwa adabu kubwa, wakaenda kuchukua keki. Trei ilirudi nyumbani imejaa. Aliimwaga nyuma ya banda, na hata mbwa wa jirani hakuja, jambo ambalo anasema lilimuuma zaidi ya kicheko.

Hakuna aliyemwambia neno baya. Novemba hii simu haikulia tu.

Ndoo za mtaa sasa zinakwenda nyumba ya tatu kutoka kwake, kwa Vernell Gatlin, mwanamke mchangamfu mwenye mashine ya kuoshea aliyoitengeneza mwanawe.

"Mimi simsemi mtu," anasema Vernell, akiwa amejishika kiuno mlangoni kwake. "Dada Ozella ndiye aliyenifundisha kuchambua. Lakini macho yakichoka, mwenyewe apumzike. Kuna ubaya gani mtu kupumzika? Na mwanawe ana nyumba kubwa Detroit!"

Shemasi Mabry, alipoulizwa karakanani kwake, alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilikuwa natania, bwana. Kama ningejua, ningeimeza. Punje ya mahindi haijaua mtu." Alipoulizwa ndoo ya nyumbani kwake msimu huu imekwenda kwa nani, alisema mambo ya ndoo ni ya mkewe.

Wote wanadhani ni macho. Bi Ozella amewaacha wadhani hivyo. Ukweli aliutoa akiwa anavuta utando, bila kubadilisha sauti, na akaruhusu uandikwe gazetini kwa sharti moja: usichapishwe kabla ya Mwaka Mpya kupita.

"Sikuchambua," anasema. "Nilikaa hapa na karai langu. Nikanyoosha mkono nimpe ncha, kama kawaida yangu, kumbe nampa kiti. Nikashindwa. Nikaenda dukani nikachukua ile ndoo iliyoandikwa 'yamesafishwa', nikayasuuza mara moja, nikayatia motoni. Niliyaamini maandishi. Mimi! Mimi niliyekuwa nawacheka wanaoamini maandishi."

Kwa nini hakuwaambia? Mtu gani angemlaumu mjane?

Anaacha kuvuta.

"Hakuna. Ndiyo shida yenyewe. Wangenihurumia, na wangekuja na sahani zao wamening'iniza nyuso. Keki unaweza kumlia mtu kwa huruma. Hata mkate wa mahindi. Matumbo, hapana. Mtu akiyala, awe ananiamini. Kama haniamini, aache." Anauokota utando uliokatika. "Tena nikisema vile nitakuwa nimemtupia lawama Booker, na yeye hajawahi kuacha punje hata moja. Alikuwa na vidole vya mpiga ngoma, vinasikia kila kitu."

Simu inalia dirishani. Ni Janelle, bintiye wa pekee, kutoka Detroit. Bi Ozella anaibonyeza kwa kiwiko, sauti inajaa baraza.

"Mama, uko kwenye baridi tena?"

"Niko kwenye hewa."

"Unafanya ile kazi yako ya kunuka."

"Pua yako imekulia kwenye harufu hii, wala haijaanguka."

"Mama, tuzungumze kama watu wazima. Chumba kiko tayari. Nimeshanunua hata pazia."

"La rangi gani?"

"Kijivu. Linaendana na kapeti."

"Aa."

"Tulikubaliana, lakini. Usinigeuke."

"Tulikubaliana. Trei ikirudi imejaa, nafunga mlango naja. Nimesema, sijasahau."

Wakishaagana, Bi Ozella anarudi kwenye karai, maji yakimwagika. "Kijivu," anasema hatimaye, peke yake.

Huko Detroit wajukuu hawali matumbo. Walipokuja mara ya mwisho walikula baga garini, madirisha yamefungwa. Anawapenda, na hawalaumu. Lakini anajua kwamba akienda, karai halitakwenda naye, na chumba chenye pazia la kijivu kitakuwa cha mwanamke mzee anayengojea kuitwa mezani.

Kwa hiyo anachambua. Anaunyoosha utumbo kwenye mwanga, anaupitisha kati ya kidole gumba na kidole cha pili, anarudia kwa kidole kingine. Maji anayabadilisha hadi aweze kuona chini ya karai. Mchana kutwa hakuna anayepita kwenye baraza hiyo isipokuwa mtu wa posta, naye anapunga mkono akiwa mbali. Jioni, matumbo yanaingia sufuriani na kitunguu, siki, na kiazi kizima kisichomenywa cha kunyonya harufu. Mumewe alikuwa akisema kiazi hakinyonyi kitu, kinapata tu nafasi ya kuhudhuria. Analisema hilo kwa sufuria.

Siku ya Mwaka Mpya ukumbi wa kanisa una joto la watu na vyombo. Kunde ziko mezani, sukumawiki iko mezani, mkate wa mahindi umekatwa vipande vinene. Trei za matumbo ni nne, na Bi Ozella amesimama nyuma ya yake, amevaa kofia ya zambarau, mikono ameifumbata mbele. Utepe wake umeandikwa kwa herufi kubwa: OZELLA PRUITT.

Foleni inapita.

"Heri ya Mwaka Mpya, Bi Ozella! Kofia hiyo, jamani!"

"Na wewe pia, mwanangu."

Kijiko kinakwenda kwa Vernell.

"Dada Pruitt, unazidi kupendeza tu."

"Mungu anajitahidi."

Kijiko kinakwenda kwa Vernell.

Hakuna anayemuuliza lile swali. Wanamsalimu vizuri, wengine wanambusu shavuni, na kila busu linampitisha mtu hatua moja mbele ya trei yake. Mvuke umekwisha juu ya matumbo. Anachukua kijiko, anayageuza kidogo ili yasikauke, anakirudisha kijiko mahali pake. Mwanamke amezungukwa na watu waliomjua maisha yake yote, na hakuna aliye naye.

Vernell anamtupia jicho, anaangalia pembeni. Hata yeye hafurahii.

Mwisho wa foleni yuko Shemasi Mabry. Kwa kawaida huwa wa kwanza. Leo amekaa nyuma, na anapofika mezani anasimama mbele ya utepe ambao hata mtoto wa chekechea angeusoma.

"Haya ni ya nani?"

Sauti yake ni ileile. Mazungumzo ya meza za karibu yanapungua.

"Ya Ozella Pruitt."

"Kayasafisha nani?"

"Ozella Pruitt."

"Na upande wa pili kashika nani?"

Hilo si swali la desturi. Hakuna aliyewahi kuliuliza, maana kila mtu alikuwa akijua. Bi Ozella anamtazama machoni, kidevu kimeinuka.

"Kibanio cha nguo."

Shemasi anaitikia kwa kichwa taratibu. Haombi radhi, wala haonyeshi uso wa msiba. Anainua kijiko, anajaza sahani, anaongeza, halafu anakula palepale amesimama.

Ukumbi mzima unaitazama taya yake. Akina mama wa kwaya wanaitazama, mchungaji anaitazama huku akijifanya anakata keki. Shemasi anatafuna. Anaacha kutafuna. Ulimi wake unatafuta kitu upande wa shavu, na Bi Ozella, ambaye hajatikisika tangu asubuhi, anaushika ukingo wa meza.

Shemasi anameza.

"Pilipili iko wapi?" anauliza.

Anageuka kuutazama ukumbi.

"Mnanikodolea nini? Nimesema pilipili. Mnataka nile matumbo bila pilipili, mimi ni mgonjwa?"

Vernell Gatlin ndiye mwenye chupa. Anainyanyua kutoka mezani kwake, anazunguka nayo mwenyewe, anaiweka kando ya trei ya Bi Ozella. Anaiacha hapo.

Baada ya hapo wanakuja wachache. Mwalimu mstaafu anakuja, wale wa kutoka Arkansas wanakuja mara mbili, na mama mmoja wa kwaya anachukua kijiko kimoja cha majaribio, kisha anarudi. Kila mmoja anauliza, "Haya ni ya nani?" na kila mara Bi Ozella anajibu jina lake lote, la kwanza na la pili. Wengi bado hawaji. Ukumbi unapoanza kufagiwa, nusu ya trei imebaki.

Shemasi anarudi ameshika kipande cha foili. "Nifungie ya kesho."

"Mkeo ana ndoo ya Vernell nyumbani."

"Nimeuliza habari za mke wangu? Funga."

Anamfungia.

Nyumbani, kabla hajavua kofia, anampigia Janelle. Anamwambia kwamba trei haikurudi imejaa, wala haikurudi tupu. Bintiye anamuuliza sasa hiyo inamaanisha nini. Bi Ozella anamwambia inamaanisha pazia amtundikie mgeni mwingine, kwa mwaka huu angalau. Kisha Janelle anamwuliza kama amekula, naye anasema ndiyo. Kumbe bado.

Anapasha sahani moja na kuila jikoni, bila redio. Nyumba ni kubwa kuliko ilivyokuwa zamani. Anakiri hivyo waziwazi, kwamba jioni ndizo zinazomshinda, kwamba kuna wakati huongea na kibanio, na kwamba punje ile haikumuuma sana kama kukosa mtu wa kucheka naye akiwa njiani kurudi nyumbani.

Asubuhi ya tarehe mbili anatoka barazani na kitambaa chenye maji. Anakifuta kiti cha kijani, mgongo, mikono, na miguu yenye kutu. Hajakigusa tangu msiba. Anakisogeza kidogo upande wa jua, anakitazama, anakirudisha goti kwa goti na kile cha kwake.

Ana mpango. Novemba ijayo hataki kufanya kazi na kibanio. Anasema ndoo zikija tano au zikija hamsini, anataka mtu hapo. Mume hatafuti tena, na kibarua wa kulipwa hamtaki.

"Liandike hilo gazetini, sasa ruhusa," anasema. "Andika Ozella Pruitt anatafuta mtu wa kushika upande wa pili. Si lazima aijue kazi. Kazi nitamfundisha."

Anakigonga kiti kwa kiganja, mara mbili.

"Ajue kukaa tu."